Redio ya Oiva

"Hii nyepesi," Taisto alisema. Aliirusha redio mpya juu, akaidaka kwa mkono mmoja. "Ukiitia mfukoni unasahau kama unayo."

"Basi hiyo si yangu," Irja alijibu. "Mimi nikisahau kitu mfukoni hukifua pamoja na suruali."

Rauno alicheka huku akimkuna mbwa wake aliyelala chini ya meza. Wengine waliinamia vikombe vyao vya kahawa. Kesho yake uwindaji wa hirvi, kulungu wakubwa wa misitu ya kaskazini, ungefunguliwa, na kundi zima la kijiji cha Petäjävaara lilikuwa limekusanyika katika banda la kuangikia nyama ili kuchagua redio za upepo za kuzungumzia msituni. Muuzaji wa mjini alikuwa amewaazima za aina tatu wazijaribu. Zilipangwa mezani, kati ya mikate ya mdalasini aliyooka Irja na ndoo ya chumvi.

Irja alikuwa amezijaribu zote akiwa amevaa glavu zake za sufu. Vidole vyake vilikuwa na baridi yabisi, na asubuhi za Oktoba vilikakamaa kama matawi makavu. Aliyoipenda ilikuwa ya manjano, nene, yenye kitufe kimoja kikubwa ubavuni ambacho mtu angeweza kukibonyeza hata kwa kiwiko. Ile ya Taisto ilikuwa nyeusi na nyembamba, yenye kioo kinachowaka na vitufe vidogo kama mbegu za tikiti.

"Msituni hatuendi kutazama kioo," Irja alisema. "Tunakwenda kuitana. Nikianguka huko, kidole hiki hakitakipata hicho kitufe."

"Utaangukaje, shemeji? Njia ile unaijua kuliko jikoni kwako."

"Na jikoni kwangu nimeshaanguka."

Taisto alivuta pumzi. Alikuwa mdogo wake Oiva, mume wa Irja, na tangu Oiva alipofariki yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa kundi. Hakuwa mtu mbaya. Kila kiangazi alimletea Irja kuni bila kuombwa, akazipanga vizuri ukutani na kuondoka kabla hajakaribishwa kahawa. Lakini uongozi ulikuwa umemkaa kama viatu vipya: alikanyaga kwa nguvu ili watu wasione kwamba vinambana.

"Jambo kubwa ni namba ya siri," alisema. "Mwaka jana wale wa ng'ambo ya mto walitusikia neno kwa neno. Nikisema dume anateremka kijitoni, wao wako kijitoni, wamekwisha kuchemsha na kahawa. Hii nyeusi inawekewa namba. Asiye na namba yetu haingii. Tunafunga mlango."

"Na ya manjano?" aliuliza Unto kutoka pembeni.

"Haina."

Walipiga kura kwa kuinua mikono. Mkono wa Unto ulikuwa wa mwisho kupanda. Ulipanda polepole, naye akimtazama Irja kama mtu aliyekalia kiti cha mwenzake. Unto alikuwa mgane, mzee mwenye mabega mapana na maneno machache, na kwa kawaida walikaa pamoja wakati wa kula.

"Mkono wako una kamba, Unto," Irja alimwambia. "Taisto akivuta, unapanda."

Unto alishusha mkono na macho pamoja.

"Basi mimi nitabeba ya Oiva," Irja alisema.

"Ya Oiva ni gogo, shemeji."

"Gogo hilo ndilo lililokuongoza wewe miaka yote."

Banda likanyamaza. Kwao kunyamaza si jambo la ajabu. Watu wa Petäjävaara wanaweza kunywa kahawa pamoja mchana kutwa bila kusema kitu, wakaagana wakiwa wameridhika. Lakini kunyamaza kuna namna nyingi, na kule kwa Irja, alipovaa koti na kuchukua trei yake iliyobaki na makombo, kila mtu alikutambua. Aliwahi kumnunia Oiva kuanzia Pasaka hadi mavuno ya viazi kwa sababu ya mashua aliyoiuza bila kumwambia. Kijiji kilikuwa bado kinaisimulia habari hiyo.

Asubuhi uwanja wa banda ulikuwa mweupe kwa barafu nyembamba. Taisto alisimama mlangoni akijaribu redio moja moja. Aliita jina, mwenye jina akajibu kwa redio yake, naye akatikisa kichwa. Redio ya Oiva, kubwa kama tofali na yenye ufa uliozungushiwa utepe wa buluu, ilining'inia kifuani kwa Irja.

"Irja, hapa Taisto."

Sauti ilitoka kifuani pake, kubwa na safi. Irja alikuwa upande wa pili wa uwanja, kando ya gari lake. Hasira za jana zilikuwa bado zimemkaba, na hakutaka kumpa mtu huyu hata neno moja. Aliinua mkono tu.

"Anasikia," Taisto alisema, akamwita anayefuata.

Hakuna aliyeuliza kama na yeye anasikika.

Kazi ya Irja ilikuwa kuswaga. Waviziaji wenye bunduki walijipanga ukingoni mwa kinamasi. Waswagaji, wasio na bunduki, walitembea kwa mstari kutoka upande wa pili wakigonga miti kwa fimbo na kuita, ili hirvi ainuke na kuwaendea wenye bunduki. Na kila mswagaji alitangaza kwa redio mahali alipofika, ili mviziaji ajue upande asioruhusiwa kupiga. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya kwanza. Oiva aliirudia kila vuli mpaka watu wakawa wanaitikia kama sala.

Irja alipewa bonde la kijito, kama siku zote. Alitembea kati ya misonobari akigonga na kuita, na kwa muda hasira zilimtoka miguuni kama jasho. Kulikuwa na harufu ya majani yaliyooza na ya barafu. Alipofika majini aliona kwamba biva, panya wakubwa wa majini wanaojenga kuta za miti mitoni, walikuwa wameangusha mti mwingine juu ya kijito na kuumenya gome lake lote kwa meno. Alipita juu ya mti ule kama alivyopita juu ya mingine mingi. Katikati, kisigino kilimteleza.

Hakusikia maumivu mara moja. Alisikia mlio kwanza, mkavu, kama mtu amevunja kijiti cha kuwashia moto. Kisha akajiona ameketi majini, maji yamemfika kiunoni, na mguu wa kushoto umepotea kati ya gogo na jiwe. Aliuvuta. Hapo ndipo maumivu yalipokuja, nayo yalikuja yote.

Alipoweza kupumua tena, aliivua glavu kwa meno, akabonyeza.

"Hapa Irja. Nimeanguka kijitoni. Mguu umebanwa na nadhani umevunjika. Njooni."

Alingoja. Redio ilikoroma, kisha sauti ya Rauno ikaja: "Mbwa amenusa kitu huku juu. Anakwenda polepole."

"Vizuri," ikajibu ya Taisto. "Mwache afanye kazi."

Irja aliitazama redio. Akabonyeza tena, akasema tena, polepole zaidi, kama anayeongea na mtoto. Aliyejibu alikuwa Unto, lakini hakumjibu yeye. Alisema tu kwamba yuko kituoni pake na ukungu umeanza kuondoka.

Walikuwa wakizungumza juu ya kichwa chake, kama watu wanaompita mlevi barabarani. Wananikomoa, Irja alifikiri. Kwa sababu ya maneno ya jana wananifunza adabu. Damu ilimpanda usoni mpaka akasahau maji. Aliita kwa kinywa, lakini kijito kilichomiminika kutoka kwenye ukuta wa biva kilizimeza kelele zake zote. Simu ya mkononi ilikuwa mfukoni, na mtandao haujawahi kufika kwenye bonde lile. Akabonyeza mara ya tatu.

"Taisto, mimi si mbwa. Ukinisikia nijibu."

Kisha, baada ya kitambo, sauti ya Taisto: "Irja, umevuka kijito?"

"Sijavuka. Nimo ndani yake. Nimekwambia nimevunjika mguu."

"Irja, umevuka kijito? Jibu."

"Nakujibu!"

Redio ilikoroma. Rauno akacheka kidogo. "Mama amenuna, bwana. Ametufungia duka."

"Ana kisirani tangu jana," Taisto alisema. "Mwacheni. Atachoka mwenyewe."

Irja alibaki na kidole juu ya kitufe, mdomo wazi. Hawakuwa wakimkomoa. Hawakumsikia kabisa. Ile namba ya siri, ule mlango waliojisifu kuufunga. Redio ya Oiva haikuwa nayo, na yeye alikuwa amefungiwa nje pamoja na wale wa ng'ambo. Alikumbuka mkono wake ukipanda uwanjani, na akaukasirikia mkono huo. Halafu akamkasirikia Taisto mara mbili zaidi, kwa sababu kiongozi ni yeye, na Oiva asingeuacha mkono ujibu.

Hasira ilikuwa jambo jema kwa wakati ule. Ilimpa joto. Alijivuta juu ya jiwe kadiri mguu ulivyoruhusu, akatoa nusu ya mwili majini, akakamua mikono ya koti. Aliitundika kofia yake ya rangi ya chungwa kwenye ncha ya fimbo na kuichomeka kati ya mawe. Ilikuwa chini mno. Kutoka kinamasini hakuna ambaye angeiona.

"Sikilizeni," Taisto alisema redioni. Alitumia sauti yake ya uongozi. "Rauno anasema mbwa amemwinua dume mkubwa, anateremka kuelekea bondeni. Irja hayuko kwenye mstari. Atakuwa amekwenda zake nyumbani. Kwa hiyo upande wa bonde uko wazi. Unto, akitokea hapo, piga."

Irja aliacha kukamua.

Unto alikuwa juu yake moja kwa moja, ukingoni mwa kinamasi, na risasi inayomkosa hirvi pale ingeteremka bondeni. Kila mtu alijua hivyo. Ndiyo maana upande ule haukuwahi kufunguliwa Irja akiwa ndani yake. Alibonyeza kitufe na kusema jina la Unto, na jina la Unto tena, ingawa sasa alijua ni sawa na kuliambia jiwe.

Kisha Unto akakohoa.

"Sijamwona akitoka," alisema.

"Nakwambia ameondoka."

"Umemwona?"

"Sihitaji kumwona. Namjua shemeji yangu. Akinuna anakwenda kwake na kufunga mlango."

"Mimi upande huo sipigi," Unto alisema. "Mpaka nimwone."

"Jana ulipiga kura vizuri tu, Unto. Leo umekuwaje?"

Irja aliiegemeza redio shavuni. Alitaka kumwambia Unto kwamba lile neno la kamba alilisema kwa hasira tu. Lakini alikuwa bado na hasira, na redio haikupeleka kitu popote.

Ndipo sauti nyingine ikasikika. Ilikuwa ya mwanamke, nzito kwa sigara.

"Irja. Unanipata? Hapa Eila, ng'ambo."

Irja alidhani baridi imempanda kichwani. Eila alikuwa kiongozi wa kundi la ng'ambo ya mto. Hawakuwa wamesalimiana tangu ugomvi wa mipaka ya kuwindia, na dukani mmoja alipoingia mwingine aligeukia rafu ya unga.

"Nakupata," Irja alisema.

"Nimekusikia tangu mwanzo. Nilingoja wenzako wakujibu. Si vizuri kudakia mazungumzo ya watu."

"Lakini kuyasikiliza ni vizuri."

"Hilo tutagombania siku nyingine. Tulisikia namba yenu ya siri inavyofanya kazi, tukacheka. Inazuia sauti zetu kuwafikia, lakini zenu bado zinatufikia. Mmefunga mlango, dirisha mmeliacha wazi. Kisha nikamsikia yule mtu akifungua upande wako, nikaacha kucheka." Alipumua. "Simu yake imezimwa. Zao zote zimezimwa, kama inavyotakiwa. Redioni hawanipati kama wasivyokupata wewe. Uko wapi hasa?"

"Kwenye ukuta wa biva. Pale kijito kinapopinda."

"Napajua. Tunavuka kwa mashua. Bunduki tunaacha huku, asije mtu akasema maneno. Umelowa?"

"Nusu."

"Usilale. Kama huna la kufanya, mtukane Taisto. Nitakusikiliza."

Irja akamtukana Taisto. Alianza na redio, akaenda kwenye kuni zilizopangwa ukutani kimyakimya kana kwamba mtu akipokea kuni hahitaji kusemeshwa, akafika kwenye mazishi ya Oiva, ambapo Taisto alishika jeneza upande wa mbele na hakumgeukia hata mara moja. Kila baada ya muda Eila aliitikia "Ehe", na nyuma yake zilisikika sauti za makasia na maji.

Alikuwa katikati ya sentensi alipoona kivuli kikisogea. Hirvi alitoka kati ya miti bila mlio, mkubwa kama farasi, pembe zake zimetanuka kama makoleo mawili. Alisimama kwenye mteremko, kati ya Irja na ukingo wa kinamasi. Mvuke ulimtoka puani. Kupitia chini ya tumbo lake, mbali juu, Irja aliona doa la rangi ya chungwa: fulana ya Unto. Aliona pia kitu chembamba cheusi kikiinuka kando ya doa hilo.

Alijilaza majini mpaka shavu likagusa kokoto.

"Namwona," Unto alisema. Redio ilikuwa juu ya jiwe, karibu na sikio la Irja. "Amesimama ubavu."

"Piga," alisema Taisto.

Maji yalimpita Irja shingoni. Alijua jinsi Unto alivyo na shabaha. Alijua pia kwamba jokofu la Unto lilikuwa tupu, na kwamba dume kama huyo angewatosha wote kwa majira ya baridi.

"Unto. Piga, nakwambia. Hutampata tena mwaka huu."

Kile kitu chembamba cheusi kilikaa hapo juu, kisha kikashuka.

"Hapana," Unto alisema.

Hirvi aligeuza sikio moja, akashuka, akavuka kijito hatua chache kutoka alipolala Irja, akikanyaga mawe taratibu kama mtu mzima anayeshuka ngazi. Alipotea msituni. Redioni Taisto alisema maneno ambayo kanisani hayasemwi, na kuongeza kwamba Unto anaweza kurudisha bunduki na kununua ndoana za samaki.

Unto ndiye aliyefika kwanza. Alikuwa ameacha kituo chake bila ruhusa, jambo ambalo halifanywi, akateremka "kutazama tu", kama alivyosema baadaye. Alipoiona kofia juu ya fimbo alianza kukimbia, na Unto hakuwa mtu wa kukimbia. Alivua koti lake na kumfunika, akaingia majini na viatu vyake, akapitisha mikono chini ya gogo.

"Nilidhani umenuna," alisema.

"Nimenuna," alisema Irja huku meno yakigongana. "Inua."

Hakuweza kuinua peke yake. Aliweza tu pale Eila alipofika na wanaume wake wawili na kamba ya mashua. Eila alikaa matopeni, akauvua kiatu mguu wa Irja usioumia, akavua soksi yake mwenyewe yenye joto na kumvisha, kisha akaurudisha mguu wake mtupu ndani ya buti kana kwamba ni kawaida. Mmoja wa wanaume alikuwa ameshapanda kilimani kutafuta mtandao wa kupigia gari la wagonjwa.

Taisto alikuja akivunja matawi. Aliona fulana ngeni kabla hajaona jambo jingine.

"Mnafanya nini upande wetu? Nani amewapa—"

Kisha akamwona Irja. Alisimama. Redio nyeusi mkononi mwake ilikuwa inawaka kioo, nzuri na safi. Eila aliichukua redio ya Oiva kwenye jiwe, akaibonyeza na kusema ndani yake: "Taisto, hapa Eila." Mkononi mwa Taisto hakukusikika kitu. Alibonyeza tena. Maji tu.

Taisto alitazama redio moja, kisha nyingine, na rangi ikamtoka usoni.

"Lakini uliinua mkono," alisema mwishowe. "Kule uwanjani. Wote tulikuona."

"Niliinua mkono," Irja alisema. "Na wewe ukafungua upande wangu."

"Nilijua umekwenda nyumbani."

"Ulisema unanijua. Nilikusikia. Nimekusikia asubuhi yote, Taisto."

Walimbeba kwa koti la Unto na nguzo mbili. Taisto alitaka kushika upande wa mbele. Irja alisema la, na akashika mtu wa ng'ambo.

Theluji ya kwanza iliyokaa ilikuja Novemba. Irja alikuwa nyumbani na mguu wake kwenye plasta, ameuegesha juu ya kigoda. Unto alikuja kila asubuhi kusafisha njia hadi barabarani, akala uji, akaondoka. Eila alituma samaki wa kukaushwa kwa moshi na ujumbe kwamba ugomvi wa mipaka uko palepale. Kuni ziliongezeka ukutani, lakini aliyezileta alikuja Irja akiwa usingizini. Hasira yake haikuwa imepoa. Ilikuwa imetulia tu nyumbani, kama mgeni aliyekwisha kujua vikombe viko kabati gani.

Siku moja mchana Taisto aligonga. Alibaki kwenye zulia la mlangoni, boksi mikononi, theluji ikimyeyuka mabegani.

"Zile nyeusi nimezirudisha," alisema. "Humu zimo aina mbili. Kundi linataka uchague wewe."

"Kundi?"

"Mimi."

Irja hakumwambia aketi. Alinyoosha mkono, naye akamletea. Alivaa glavu zake za sufu na kuzibonyeza moja baada ya nyingine, akazitikisa, akazigonga kwenye ukingo wa meza mpaka Taisto akafumba macho. Moja aliisukuma pembeni. Nyingine, nene na yenye kitufe kikubwa, aliiweka mbele yake na pacha wake akampa Taisto.

"Toka nje," alisema. "Tembea."

"Mpaka wapi?"

"Nitakwambia."

Dirisha la jikoni linatazama shamba lote hadi ukingo wa msitu. Taisto alionekana akifuata njia aliyoisafisha Unto. Kwenye sanduku la barua alisimama.

"Hapa vipi, shemeji?"

"Nakusikia. Endelea."

Njia iliyosafishwa iliishia hapo. Alikata kupitia shambani, theluji ikimfika magotini. Penye ghala la zamani la nyasi aligeuka.

"Na hapa?"

"Endelea."

Alikwenda. Alikuwa na umri, na nyayo zake zilianza kupinda. Alianguka mara moja, akainuka, hakuangalia nyuma. Irja alimtazama na hakufurahi kama alivyodhani angefurahi, lakini hakumwita arudi. Kwenye ukingo wa msitu, alipokuwa mdogo kama kidole, alisimama tena. Redio ilikoroma mezani.

"Irja," alisema Taisto. "Siku ile mimi..."

Hakumaliza. Hakuachia kitufe pia. Labda glavu zilikuwa zimeganda, au alikuwa akitafuta neno na kuogopa kwamba akiachia litapotea. Pumzi zake zilikuja zote, nzito, zikipanda na kushuka, mpaka vikombe vya kabatini vikaonekana kuzisikiliza. Na mtu aliyebonyeza hasikii. Irja alikuwa na mengi ya kumwambia. Mengine alikuwa nayo tangu mazishi. Aliisogeza redio karibu na mdomo, akaweka kidole gumba juu ya kitufe kikubwa, akaketi akimtazama mtu yule mdogo kule mbali kwenye weupe, akingoja aachie.